Paki ya Timazi

Jina lake la kuzaliwa wengi walishalisahau. Wenzake wa kazini ndio waliompachika hilo la Timazi, ile kamba yenye uzito wa chuma ambayo mwashi huining'iniza kuangalia kama ukuta umenyooka. Ukuta wake ulikuwa haupindi, na mwenyewe pia alikuwa hapindi, hasa akishakasirika. Alijengea watu nyumba ujana wake wote na utu uzima wake wote. Uzee ulipobisha hodi, yeye na mkewe wakatulia kwenye nyumba ya chini ya jengo la ghorofa, vyumba viwili na jiko, pamoja na nafasi moja ya kuegesha gari huko nyuma, mali yao halali. Gari lenyewe hawakuwa nalo. Majirani walimtania kwamba amejenga zizi kabla ya kupata ng'ombe, naye alicheka pamoja nao.

Kicheko kilikatika mkewe alipopata kiharusi. Upande wake wa kushoto ulilala wote. Mwanamke aliyekuwa akiongoza kwaya ya kanisa la ng'ambo ya ua, mwenye sauti ya kuwasimamisha hata walevi waliokuwa wakipita zao, akawa mtu wa kiti cha magurudumu. Mlango wa mbele ulikuwa na ngazi. Siku moja majirani walimbeba kumshusha, mmoja wao akateleza, na bega la mgonjwa likagongwa ukutani. Tangu siku hiyo akaapa.

"Sibebwi tena kama gunia la mkaa. Nitatoka kwa magurudumu yangu, la sivyo nitakaa."

Timazi akachukua mwiko wake. Mlango wa jikoni ulitazama nyuma, lakini kutoka kizingitini hadi chini palikuwa na kimo cha paja. Akamwaga zege, akatengeneza mteremko wa taratibu, akaupiga saruji ukawa laini kama kiganja cha mtoto mchanga. Kulia palikuwa na tangi la maji, kushoto ukuta wa jirani, kwa hiyo mteremko ulishukia palepale kwenye nafasi yao ya gari. Hilo halikumsumbua. Alijenga akiamini kwamba kilicho chake ni chake. Hakuwaza kuhusu watu wanaowahi ibada.

Ua wa kanisa ulikuwa mdogo na waumini wenye magari walizidi kila mwaka. Jumapili mlinzi wa kanisa alisimama njiani na filimbi yake mdomoni, akiwaelekeza wachelewaji. Na nafasi tupu saa ya ibada ni kama kiti kitupu kwenye basi: haulizwi mwenyewe. Watu walipaki pale. Wengine hata gurudumu la mbele walilipandisha kwenye mteremko ili mkia wa gari usizibe njia.

Timazi aliweka mawe, yakasogezwa. Akaweka tairi kuukuu aliyoijaza zege. Wakasaidiana wanaume kuibingirisha. Akaandika kwenye ubao USIPAKI HAPA KUNA MGONJWA, na Jumapili iliyofuata akaukuta ubao umeegemezwa vizuri kwenye tangi, maandishi yameelekea ukutani.

Kuna siku alimkuta baba mmoja mwenye tai akifunga mlango wa gari lake.

"Hapa ni kwangu, ndugu yangu."

"Samahani, mzee. Gari lako liko wapi?"

"Liko ndani. Lina magurudumu manne na linasukumwa kwa mikono."

Yule baba alicheka, akidhani ni utani. "Basi halina haraka hilo! Nawahi mahubiri, mzee wangu. Mungu atakubariki." Akaenda zake, na Timazi akabaki na baraka mkononi, hajui pa kuiweka.

Akamwendea mlinzi. Mlinzi alishusha filimbi kwa heshima.

"Mzee, mimi nifanyeje? Nikiwafukuza wanasema nafukuza kondoo wa Bwana."

"Kondoo hawana matairi."

"Hawa wanayo, baba yangu. Na wana namba ya simu ya mchungaji."

Mkewe ndiye aliyekuwa akimtuliza. "Waache, Fundi. Wameenda kusali, hawajaenda dansi." Alisema hivyo kwa sababu kwa muda mrefu hakuwa na haja ya kutoka Jumapili. Aliona haya kuonekana mdomo umepinda upande. Alikaa nyuma ya pazia la dirisha la jikoni akiwasikiliza wenzake wakiimba, na wakikosea kuingia alikunja uso. Wanakwaya walikuja kumwona mwanzoni, kwa makundi, na maua na sabuni. Baadaye wakaja mmojammoja. Baadaye wakatuma salamu.

Aliyemuuma zaidi ni somo yake. Walikuwa wa jina moja, wakasimama bega kwa bega kwenye kwaya tangu wasichana, mmoja akipata watoto mwenzake yupo mlangoni mwa leba. Somo huyo alikuja mara mbili, akalia mara zote mbili, kisha kimya. Mke wa Timazi alimtetea. "Ana wajukuu. Anakaa mbali. Mabasi ya Jumapili ni taabu."

Basi ikatangazwa kwamba kwaya itafanya sherehe ya kutimiza miaka mingi, na wataimba ule wimbo alioutunga yeye mwenyewe na kuwafundisha mstari kwa mstari. Usiku ule alimwambia mumewe, maneno yakitoka mazito, "Fundi, nataka kwenda. Nataka niusikie nikiwa mlemle ndani. Wakiniangalia, waniangalie."

Timazi alifurahi kama anayeposa upya. Akalipiga pasi lile joho la kwaya. Akamwita msusi nyumbani. Akatia mafuta kwenye magurudumu yasipige kelele kanisani.

Jumapili yenyewe aliweka kiti cha jikoni katikati ya paki akakikalia tangu asubuhi, mikono kifuani, akiwafukuza wote kwa macho. Kengele ya kwanza ilipolia, akaingia ndani kumvika mkewe. Mtu aliyelala nusu havikwi haraka. Mkono wa kushoto lazima uingizwe polepole kama wa mtoto aliyelala. Walipofungua mlango wa jikoni, yeye nyuma ya kiti na mkewe mbele, joho limekaa vema, palikuwa na gari jeupe.

Bampa lilikuwa limeigusa kabisa ncha ya mteremko. Paka angepita, kiti hakikupita. Na kile kiti cha jikoni mtu alikuwa amekichukua kwa adabu, akakiweka kando, kwenye kivuli.

"Hili hili!" Timazi alilijua. Lilikuwa likija karibu kila Jumapili tangu mwaka jana, lina taulo la maua kwenye viti, ila mwenyewe hakuwahi kumkuta. Alilipiga teke tairini mpaka kidole kikamwuma.

"Usitukane, leo Jumapili," mkewe alisema. "Nenda kaombe walitangaze."

Alikwenda mbio kwa miguu yake ya uzee. Mlinzi akapeleka ujumbe mbele, na kupitia kipaza sauti wakasikia: mwenye gari jeupe lililopaki nyuma ya ghorofa aende kulitoa. Hakutoka mtu. Wakatangaza tena. Kisha kinanda kikaanza, na matangazo yakaisha hapo.

Timazi alirudi akasimama nyuma ya kiti. Wimbo ulikuja juu ya paa la gari lile. Mkewe aliinua mkono wa kulia, ule mzima, akawapigia mapigo watu wasiomwona. Mdomo wake ulikwenda na maneno. Ubeti wa pili waliuharakisha, naye mkono ukawavuta nyuma, polepole, polepole, lakini hawakuvutika. Ulipokwisha, makofi yakapigwa huko, na mkono ukashuka mapajani.

"Wameimba vizuri," alisema.

Timazi akainama kufunga breki za kiti. Kama angefungua mdomo, angetukana hata mchungaji.

Hawakuingia ndani. Alitaka kumwona mwenye gari. Watu wakaanza kutoka, wakipeana mikono, na katikati yao akaja mwanamke mwenye joho kama la kwake, funguo mkononi, akicheka na simu. Alipoinua macho, kicheko kilimfia usoni.

"Somo!"

Yule mama akamgeukia Timazi.

"Shemeji… nilisikia tangazo, ila ndio tulikuwa tunasimama kuimba. Mwanangu ndiye kaninunulia gari. Nikikosa nafasi kule mimi hujisemea, nina kwa somo yangu, hawawezi kunifukuza kwa somo yangu."

"Kila Jumapili?" mke wa Timazi aliuliza.

"Karibu kila Jumapili, somo."

"Hapa chini ya dirisha langu."

Yule mama aliangalia dirisha. Lilikuwa hatua chache tu kutoka mlango wa dereva.

"Kwangu umepafanya kwako mpaka mlangoni," mke wa Timazi alisema, taratibu, kwa ule mdomo wa upande. "Hodi ndiyo iliyokushinda."

"Naogopa, somo. Nikikuona hivyo naona ni mimi. Nilikuwa nasema wiki ijayo, wiki ijayo, mpaka ikawa aibu kubisha." Machozi yalikuwa yakidondoka kwenye joho. "Nalitoa sasa hivi. Nikusindikize? Bado watu wapo."

"Wimbo umeshaimbwa. Nisamehe, nimechoka. Fundi, nirudishe ndani."

Alisema nisamehe, yeye. Hilo Timazi hakuwahi kulimeza.

Habari zilienea, na kanisa likaona haya. Wazee walikuja kuomba radhi, wakafunga mnyororo mbele ya paki kwa gharama zao, na mlinzi akapewa amri. Tangu hapo nafasi ikawa wazi kila Jumapili. Gari jeupe likawa linapaki barabara ya juu, na mwenyewe alizunguka kwa mbali kuingilia mlango wa pili, asipite dirishani. Timazi alimwona mara moja, amejitanda kanga, anakwenda upesi.

"Twende leo? Njia nyeupe," alimwuliza mkewe kila wiki.

"Naiona, Fundi. Wiki ijayo."

Jumapili moja ya mvua, kijana mgeni alisimamisha gari mbele ya mnyororo, akashuka, akalowa, akaja hadi mlangoni na kupiga hodi.

"Shikamoo, mzee. Nimembeba bibi yangu, hawezi kutembea mbali. Naomba kupaki hapa, kama hamtatoka."

Ilikuwa mara ya kwanza mtu kuomba. Timazi aligeuka kumtazama mkewe pale dirishani.

"Mfungulie," alisema bila kugeuza kichwa. "Sisi hatutoki."

Timazi akashuka mvuani na kuufungua mnyororo.