Makaa ya Anisia

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia petroli iliadimika, na malori yaliyotoka Ushirombo kwenda mgodini Geita yakafungwa matangi ya makaa ubavuni. Anisia, mjane aliyechoma makaa porini karibu na Runzewe, alimuuzia shemeji yake Maganga, mdogo wa marehemu mumewe, aliyekuwa na lori mojawapo.

"Shemeji," Maganga alimwambia, "fundi anasema ile hewa ya ukaa inayozima moto ikipita kwenye makaa mekundu, hugeuka gesi ya kuendesha injini. Nitafutie makaa mepesi yenye vitundu vingi. Haya yako ni mawe."

Anisia akaacha miti migumu, akachoma miti laini, taratibu. Kisha wakajaribu pamoja kuyaloweka makaa kwenye maji ya magadi ili yatoe gesi upesi, na kuyaanika. Lori likapanda mlima bila kusukumwa. Maganga alicheka hadi machozi. "Kaka aliniachia dada, si shemeji!"

Siku moja Anisia aliona bomba la mpira linalopeleka gesi kwenye injini limepasuka, limezungushiwa kitambaa.

"Gesi hii inaua, Maganga."

"Nitalibadilisha."

Hakulibadilisha. Eufrasia, mke wa katekista, alipanda lori hilo, mbele karibu na dereva, akateremshwa amezimia. Alizinduka alasiri, ila watu walikuwa wamekwisha kuanza kumtafuta mkosaji.

Kesho yake, kwenye baraza la mwanangwa, mkuu wa kijiji, Maganga alisema huku akitazama kucha zake, "Ni makaa. Huyu mama huyatia magadi. Mimi sijui ni dawa gani."

"Magadi si uliyanunua wewe kule Kagongwa? Tuliyakoroga wote wawili!"

"Sikumbuki."

Anisia alisubiri ainue macho. Angeweza kumsamehe woga, lakini Maganga hakuinua. Mwanangwa akampiga marufuku Anisia kuchoma makaa. Kisimani wanawake wakawa wanasogeza mitungi yao akifika. Wiki ile ile lori lilipata bomba jipya, kila mtu akaliona, na hakuna aliyeuliza.

Anisia akafunga mizigo aende kwa dada yake Tereza, Kagongwa, kulima karanga. Eufrasia akamfuata njiani, amejitanda khanga.

"Dada, kile kitambaa nilikiona. Mume wangu alinikataza kusema. Maganga hutubebea mizigo ya misheni bure."

"Siku ya baraza ulikuwa na fahamu zako?"

"Nilikuwa nazo."

Anisia alijitwika mzigo wake, akashika njia.