Ulezi Ndani ya Gobore

Kaka yangu alijipangusa kifua kwanza. Risasi ya askari wa boma ilikuwa imempata bondeni, upande wa Mshangano, naye badala ya kulala chini kwenye majani alisimama wima, akacheka, akajipangusa kwa kiganja kama mtu aliyemwagikiwa pumba. Akakitazama kiganja. Akaniuliza, "Mdogo wangu, mbona ulezi hakuna?" Akaangukia ngao yake.

Aliuliza ulezi kwa sababu yangu.

Siku nne kabla, mgawa dawa alitukusanya na kibuyu chake cha maji. Mtu mnene, sauti kama ya beberu aliyekabwa. Akasema risasi za Mdachi zitageuka maji. Vijana wakaguna. Mmoja akamwambia, "Babu, basi simama wewe tukupige."

"Mimi dawa imeshanizoea," akajibu. "Hilo halitakuwa jaribio."

Akajitolea kaka, maana hakuwahi kubaki nyuma kwenye jambo la kijinga. Gobore lilikuwa langu, la kuwindia nguruwe. Mgawa dawa akanivuta nyuma ya ghala, akanipa konzi ya ulezi. "Tia baruti, halafu tia huu. Chuma usiweke. Dawa bado haijalala mwilini."

Haijalala! Kama pombe vile. Lakini nikashindilia. Nilidhani ndiyo taratibu yake, na niseme kweli, nilipenda kutazamwa.

Nikapiga. Mbuzi wakatawanyika. Moshi ulipoondoka, kaka kasimama, punje zimenata kwenye mafuta ya mbarika kifuani. Akazipangusa. Watu wakapiga kelele, "Risasi imekuwa ulezi!" Kuku akachinjwa, paja nikapewa mimi. Nikala, nikanyamaza.

Basi tukaenda na mikuki mifupi na ngao za ngozi ya ng'ombe, kupambana na bunduki zinazotapika bila kuvuta pumzi. Kaka alipoanguka mimi nilikimbia. Ngao niliitupa, gobore nikalikumbatia kama mke.

Tuliopona tukamwuliza mgawa dawa, kulikoni? Hakupepesa hata jicho. "Huyo alivunja mwiko. Alilala na mkewe."

Uongo. Siku zile nne kaka alilala mkeka mmoja na mimi, akinipiga mateke na kukoroma. Nilijua hilo, nikanyamaza tena. Shemeji yangu akaitwa muuaji wa mumewe, ukoo wetu ukamfukuza na mtoto mgongoni. Mpaka leo akifika kisimani wanawake wanaondoa mitungi yao.

Aliyeua ni Mdachi, sisemi hapana, na askari wake weusi kama mimi. Niliwahi kwenda boma kuuliza juu ya kifo cha kaka, nikajibiwa kwa kiboko. Lakini mgawa dawa je? Wenzake walinyongwa, yeye kafanywa jumbe. Kanzu nyeupe. Nikikutana naye Mfaranyaki namwambia shikamoo, na mtu huyo anaitikia!

Nilijifunza herufi misheni, kidogo tu, na zote nimezitumia hapa. Jumbe, mwambie karani wako akusomee. Njoo nyumbani kwa shemeji yangu, mchana, watu wote wakiwepo, useme ulinipa nini nyuma ya ghala. Nami nitasimama pembeni yako niseme nani alishindilia. Kama bado unadai dawa ilikuwa ya kweli, gobore ninalo, lete kifua, ila safari hii cha kutia nachagua mimi.

La, kama hutaki, basi mjibu mjane usoni pake: mumewe alivunja mwiko gani?