Kidole Kimoja Juu ya Usukani

Huku kwetu, ukipishana na gari njiani unainua kidole kimoja kutoka kwenye usukani. Kile cha shahada, na kimoja tu. Mkono mzima ni wa watalii. Vidole viwili ni matusi, na nawajua watu waliopelekana mpaka kwa mchungaji kwa sababu hiyo. Kimoja kinatosha: nimekuona, u mzima, nami ni mzima, pita salama. Barabara yenyewe inatosha gari moja, mwamba upande huu na ziwa upande ule, na hapa na pale imepanuliwa kidogo ili watu wapishane. Mmoja anangoja, mwingine anapita, vidole vinainuka, kila mtu anakwenda zake.

Wifi yangu Murdina anasalimia hivyo tangu miguu yake ilipofikia pedali, na wenye midomo wanasema haijafika mpaka leo. Ni mfupi kweli, anakalia mto wa sofa ndipo aone mbele. Alipofiwa na mumewe alinunua basi dogo la kijani akaanza kuwazungusha watalii kando ya Ziwa Duvan: gofu la ngome, maporomoko, kisha Kilima cha Kunguru kwa wenye magoti. Magoti yake mwenyewe yalishastaafu, kwa hiyo kilimani nawapeleka mimi. Supu na skonzi pia ni zangu. Kazi yake yeye ni usukani na mdomo.

Na mdomo anao.

"Wale kondoo waliopakwa rangi ya bluu mgongoni wanakwenda kanisani," anawaambia wageni. "Wenye nyekundu hawaendi."

Siku moja mama mmoja akauliza, je, wasio na rangi?

"Hao bado wanafikiria," akajibu, wala shingo hakugeuza.

Mvua ikinyesha anawaambia hiyo si mvua, ni hewa inajikung'uta. Visubi, vile vijidudu vya kuuma, wakiwavamia pale maporomokoni, anawaomba wawavumilie, maskini, wameshinda majira yote ya baridi wakila wenyeji tu. Watu wanacheka huku wanajikuna.

Sasa, mdogo wake ndiye mume wangu, Torquil, Mungu anipe subira. Torquil anakodisha mitumbwi ya plastiki, ile ya kukaa na kupiga kasia, na kila siku anaivuta kwa trela kutoka mwisho mmoja wa ziwa mpaka mwingine, kutegemea upepo umewatupa wateja wake wapi. Kwa hiyo yeye na dada yake walikuwa wakikutana njiani kila siku iliyoletwa na Mungu. Na kwa misimu mitatu mizima hawakuinuliana kidole.

Nilimuuliza wifi kulikoni. Nilimuuliza mara nyingi, na mara moja tu akanijibu.

"Mumeo alininyima kidole," akasema. "Nilimwinulia, akanitazama usoni akapita. Mimi niliyembeba mgongoni kuvuka mto akienda shule."

Nikaenda kwa Torquil. Torquil akasema huo ni uongo mtupu, hajawahi kumnyima mtu kidole, hata mtoza kodi.

"Na yeye kwa nini hakuja kumzika Gyp?" akaniuliza. "Uliza hilo kwanza."

Gyp alikuwa mbwa wake wa kuchunga kondoo. Murdina ndiye aliyemlea kwa chupa, mama wa mbwa huyo alipokufa, akampa mdogo wake zawadi alipotuoa, yaani aliponioa mimi, ingawa ukiwaona walivyokuwa hao wawili ungesema ameoa mbwa. Gyp alipokufa majirani wote walipita nyumbani, hata wale wasiopenda mbwa. Murdina hakutokea. Torquil akaliweka moyoni, na tangu siku hiyo mikono yake miwili ikashika usukani kama imegandishwa.

Wahenga walisema ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Nililima misimu mitatu, shamba likaniishia. Nilimwambia kila mmoja kwa wakati wake kwamba ni punda, na kila mmoja akanijibu kwamba punda ni yule mwingine. Nilikasirika mpaka nikawa nalala nimewageuzia mgongo wote wawili, mmoja kitandani, mwingine kijijini.

Kisha majani ya kwanza yalipoanza kugeuka rangi, Murdina akaniambia anakwenda Kanada kukaa kwa binti yake. Si kutembea, kukaa. Basi limepata mnunuzi, nyumba imepata mpangaji, tiketi ni ya Jumamosi. Nililia kwenye supu. Yeye akaendelea kumenya karoti.

"Torquil anajua?" nikauliza.

"Kijiji kizima kinajua. Ana masikio."

"Hutamuaga?"

"Ajue kuinua kidole kwanza."

Nilipomfikishia Torquil habari hiyo alikuwa anaziba tundu kwenye mtumbwi. Aliziba tundu lile kwa muda mrefu sana. Akasema Kanada ni mbali.

Safari ya mwisho ya Murdina ilikuwa Alhamisi. Tulikuwa na basi limejaa, wengi wao Waholanzi, watu wazuri kwa kilima kwa sababu kwao hawana hata kimoja. Nyuma yangu alikaa mzee mmoja mrefu, Bwana Wouter, mwalimu mstaafu anayetaka kujua kila kitu. Hatujafika ngomeni akauliza hicho kidole ni cha nini. Murdina akamweleza. Hapo ikawa balaa. Gari la maziwa likapita, Murdina akainua kidole, na Bwana Wouter akainua chake. Gari lililofuata, viti vitatu vikainua. Tulipofika maporomokoni basi zima lilikuwa linasalimia, na madereva wa huku, ambao hawajapata heshima hiyo tangu wabatizwe, walikuwa karibu waingie ziwani kwa mshangao.

Kilimani tulipanda katika ukungu mzito, hatuoni hata viatu vyetu. Kulungu akalia mahali fulani juu yetu, wageni wakashikana mikono. Nikawaambia songeni, hali mbaya ya hewa huku haikai. Na kweli, tulipofika kwenye rundo la mawe kileleni ukungu ukafunguka, tukaliona ziwa lote, vilima nyuma ya vilima, na chini kabisa lile basi la kijani dogo kama kidonge, na Murdina kando yake akiwa ameketi kwenye kiti chake cha kukunja anakunywa chai. Kila mtu akaongeza jiwe lake kwenye rundo, ndiyo desturi ya wapandaji. Mimi niliongeza mawili, moja la Murdina. Nilijifanya nimeingiwa na kisubi jichoni.

Tulikula supu ya dengu, tukamaliza skonzi, tukaanza kurudi. Mvua ikaanza kunyesha, mvua hasa, hata Murdina hakuisingizia hewa. Pale barabara inapobanwa na mwamba, tukikata kona, huyo Torquil na gari lake na trela lake la mitumbwi, uso kwa uso nasi. Murdina akafunga breki. Torquil naye akafunga. Tukasimama bampa kwa bampa.

Sheria ya huku ni rahisi: aliye karibu na mahali pa kupishana ndiye anayerudi nyuma. Pa karibu palikuwa nyuma ya Torquil, unapaona palepale. Ila Torquil alikuwa anavuta trela, na ukingo wa barabara upande wake ulikuwa umeliwa na maji. Pa kwetu palikuwa mbali, nyuma ya kona.

Bwana Wouter hayo yote hakuyajua. Yeye aliona gari, akainua kidole. Basi zima likainua. Torquil nyuma ya kioo akalitazama lile shamba la vidole kutoka mwanzo mpaka mwisho, kisha akamtazama dada yake. Mikono ya Murdina ilikuwa imetulia usukanini. Na ya Torquil vilevile.

"Wifi," nikasema, "leo ni siku ya mwisho."

"Najua kalenda."

"Basi mwinulie, yaishe."

"Nilishamwinulia."

Nilitaka kushuka niwapige wote wawili kwa chupa ya chai. Nyuma yangu Bwana Wouter akaninong'oneza, je, yule bwana ni mgeni, hajui desturi? Nikamwambia ni mume wangu. Akasema samahani.

Torquil akaanza kurudi rivasi. Trela likapinda kushoto. Akasonga mbele, akajaribu tena, likapinda kulia, gurudumu likachungulia mtaroni na mtumbwi wa juu ukacheza kwenye kamba zake.

"Mtazame," Murdina akasema. "Mtazame huyo mtoto. Baba alimfundisha yeye kuogelea, akanifundisha mimi rivasi, na leo anataka kufanya vyote viwili." Akasonya. Kisha akaingiza gia ya nyuma. "Shikeni vizuri, wageni wangu. Tunakwenda kinyumenyume, hamtatozwa zaidi."

Akarudi. Na basi limejaa, na mvua, na ziwa liko pale chini ya dirisha, alirudi akitazama vioo vya pembeni, akaikata kona bila kugusa jani. Na Torquil akatufuata taratibu, uso wake mbele yetu muda wote, karibu kiasi kwamba niliona hakunyoa. Watu wawili waliokwepana misimu mitatu, sasa hakuna wa kumkwepa mwenzake. Murdina akaliingiza basi mahali pa kupishana, akavuta breki ya mkono.

Torquil akaja sambamba nasi. Aliyepishwa ndiye anayetakiwa kuinua kidole, hata mtoto anajua. Nikamkazia macho. Hakuinua. Alisimamisha gari, dirisha lake na la dada yake yakatazamana, akateremsha kioo. Murdina akakaa kidogo, kisha naye akateremsha chake.

"Watu wako wote wamenisalimia," Torquil akasema. "Kasoro dereva."

"Dereva alikusalimia siku ya maonyesho ya kondoo. Pale daraja la mawe. Ukanitazama usoni ukapita kama unapita nguzo."

"Siku ya maonyesho?"

"Siku ya maonyesho. Basi nilikuwa nimelipamba kwa bendera, huwezi kusema hukuliona."

Torquil akageuka akakitazama kiti cha pembeni yake.

"Dada," akasema, "siku ya maonyesho nilikuwa namrudisha Gyp kutoka kwa daktari wa mifugo. Nilimlaza hapa, kitini. Mkono mmoja kwenye usukani, mwingine juu yake. Alikuwa ameshakata roho, bado ana joto. Sikuona bendera. Hata daraja silikumbuki."

Mimi siku hiyo nilishinda kwenye maonyesho nikiuza keki, nikarudi jioni nikamkuta Torquil amesimama nyuma ya banda na koleo lake. Misimu mitatu nimelala kitanda kimoja na jibu lile, na dada yake hakuwahi kunitajia ni siku gani alinyimwa kidole.

"Mimi habari niliipata dukani, siku kadhaa baadaye, maana mkeo hakuja kazini wiki ile," Murdina akasema mwishowe. Sauti yake haikuwa ile ya kondoo wa bluu. "Nikajua ameshazikwa. Na nilikuwa nimekununia, nikaona nitakuja na uso gani."

"Nilidhani umesikia siku ileile. Huku nani hasikii?" Torquil akajifuta uso, mvua ilikuwa inamwingilia. "Nilikungoja. Kaburi sikulifukia mpaka giza lilipoingia."

Wifi yangu akatoa mkono wake mfupi dirishani, akaunyoosha mpaka ukamfikia sikioni, akalivuta sikio lile kwa nguvu kama mtu anayevuta kamba ya kengele. Hakuliachia upesi. Wote wawili walikuwa wanalia na hakuna aliyejisumbua kuficha, mvua ilikuwa inatosha.

Nyuma ya trela gari la posta likapiga honi.

"Jumamosi nani anakupeleka uwanja wa ndege?" Torquil akauliza.

"Teksi."

"Teksi ya nini? Nitakupeleka mimi."

"Na trela?"

"Bila trela."

"Basi sawa. Maana na trela ningefika Kanada Krismasi."

Torquil akaingiza gia. Kabla hajaondoka aliinua kidole, kimoja, polepole, na Murdina akainua chake. Basi zima likafuata. Bwana Wouter, kwa furaha, akainua viwili, ikabidi nimshushe kimoja.

Jumamosi Murdina aliondoka. Torquil alimbebea mizigo mpaka walipomzuia. Binti yake anasema kule Kanada barabara ni pana, magari hayasimami, na mama yake bado anamwinulia kidole kila anayepita, nao wanadhani anawaonyesha ndege.

Na huyu wangu, kila akifika pale mahali pa kupishana nyuma ya kona, hata pakiwa patupu, anainua kidole. Namuuliza anamsalimia nani. Ananiambia nifunge dirisha, baridi inaingia.