Vile Kompyuta Yangu Ilibadilisha Sare ya Akina Mama

Nikikutana na akina mama wa kanisa letu hapa Kianjokoma bado naangalia chini, kwa hivyo wacha niwaambie mimi mwenyewe kabla hamjasikia kwa watu.

Kikundi chetu kiligawanyika juu ya rangi ya sare. Sisi tulitaka buluu, wengine wakataka kijani, wakaenda na kijani yao, na tangu hapo tunasalimiana na shingo tu. Sasa kanisa likajenga ukumbi, pasta akaomba vikundi vyote viwili viufungue pamoja, labda turudiane. Mwenyekiti wetu, Mama Wanja, akanituma nipige picha yetu kubwa ya kutundika ukutani, kwa sababu ni mimi niko na kamera na nilisoma kompyuta masomo ya jioni.

Mwalimu wa jioni alikuwa ametuambia mtu anayejua kazi hupiga raw, yaani picha mbichi, kamera haijaipika, unaipika mwenyewe kwa kompyuta. Nikapiga mbichi (hapo ndipo shetani aliingilia). Kufika nyumbani, kompyuta ikakataa kufungua hata moja. Nikapigia msichana wangu Muthoni, anasoma huko Nchiru.

"Mum, unahitaji programu ya kuzibadilisha. Kuna ya kulipia, kuna ile ilikuja na kamera, kuna ya bure. Chagua tu."

Chagua tu, kama nyanya sokoni. Ya kulipia iliuliza kadi ya benki, ile ya kamera ilikuwa kwa CD na kompyuta yangu haina pa kuingiza CD, basi nikaombea ile ya bure nikaiweka, ikafunguka na vitu vingi vya kuvuta huku na huku, sijui vya nini, na sisi wote tukaonekana zambarau mpaka meno. Nikavuta kamoja, nikavuta kengine, nikarudisha, nikavuta tena mpaka tukapendeza. (Kumbe kioo cha kompyuta ndicho kilikuwa kinatia kila kitu zambarau tangu siku ilianguka, na mimi nilikuwa nimezoea; picha yenyewe ilikuwa sawa mpaka nilipoivuta. Hiyo Muthoni alikuja kunionyesha baadaye, baada ya aibu.) Nikatuma picha ichapishwe Embu, ikaletwa kanisani imefungwa, sikuifungua.

Siku ya ukumbi, pasta akatoa kitambaa kilichofunika picha. Mstari kwa mstari, sisi wote tumevaa kijani, na nyuso kama watu wa homa ya manjano.

Mama Njeru, mwenyekiti wa wale wa kijani, akaikaribia polepole. "Mama Wanja, si ungesema tu mnarudi. Tungewashonea."

Wenzake wakashikana wakicheka. Mama Wanja akaniuliza bila kugeuza kichwa, "Mama Muthoni, hiyo ni nguo ya nani nimevaa?"

"Ni yako, mama. Ni programu."

"Programu ilinunua kitambaa lini?"

Nilikuwa nimeogopa wale wa kijani wataudhika waende. Wao walikaa, wakala mukimo, wakanywa chai, wakacheka mpaka machozi. Walioondoka ni wetu, Mama Wanja akiwa mbele, na picha imebaki ukutani kwa sababu hakuna mwenye alikubali kuishusha.

Nimeapa mbele za Mungu sitapika picha ya mtu tena. Siku hizi napiga picha za ng'ombe tu, na hata huyo nauliza mwenye kumfuga kwanza ni wa rangi gani.