Mashati Meusi ya Ferdinand

Mwaka 2006, ukiniondoa mimi, hapakuwa na mwanamume mtanashati Riverdale Park, huku Marekani, kumzidi Ferdinand. Kazi yake ilikuwa kutunza wazee majumbani, lakini roho yake yote ilikuwa kwenye kuwania uenyekiti wa chama chetu cha Waafrika Mashariki. Na Mtanzania hafanyi jambo bila sare! Akawanunulia wafuasi wake mashati meusi ya kufunga vifungo hadi shingoni, na mikanda mipana. Hotuba nayo aliikariri: Wakenya wametumalizia shifti zote, Watanzania tuamke!

Siku ya uchaguzi, naye kavaa sare hiyo hiyo, alipitia kwanza kazini, kwa Bi. Winifred, bibi Mwingereza aliyezaliwa mashariki mwa London. Akampelekea uji, kifua mbele kama jogoo aliyenunuliwa viatu. Bibi kumwona tu, kijiko kikaruka, uji ukatua kwenye shati.

"Toka na hilo shati nyumbani kwangu!"

"Bibi, ni sare tu ya kampeni."

"Hata wao walisema hivyo."

Ndipo akamsimulia. Enzi za usichana wake, kati ya vita vile viwili vikubwa, kazi zilikuwa haba Uingereza. Akatokea bwana mmoja wa ukoo mkubwa, mdomo wa asali, akawavisha vijana mashati meusi, akawafundisha kunyoosha mikono, akawaambia shida zao zote zimeletwa na Wayahudi. Hao ndio mafashisti. Mwaka 1936 wakataka kuandamana mtaani kwa akina bibi, polisi wakiwasafishia njia. Wayahudi, makuli wa bandarini na akina mama wakaifunga barabara.

"Mama alimwaga ndoo ya mkojo kutoka dirishani," bibi akasema. "Mimi nikampa ya pili."

Ferdinand alicheka mpaka akashika ukuta. Bibi hakucheka.

"Na wewe, mwanangu, leo unamlaumu nani?"

Kicheko kikakatika. Jibu lilikuwa kwenye hotuba yake: Wakenya. Akamkumbuka Awino, Mkenya waliyekuwa wakipokezana zamu kwa bibi huyo huyo. Juzi tu Ferdinand alipougua, Awino ndiye aliyemshikia shifti, na supu akamletea.

Shati likiwa limelowa uji, bibi akampa sweta ya marehemu mumewe: rangi ya waridi, mikono inaishia kwenye viwiko.

Ukumbini Langley Park wafuasi walijipanga, weusi tii, wakingoja ishara. Mgombea akaingia na waridi lake.

"Yawa, Ferdi!" Awino akamaka kwa Kijaluo. "Hiyo sweta umenyang'anya mtoto wa nani?"

"Dada yangu, acha tu." Akapanda jukwaani. "Ndugu zangu, nilitaka kuwaambia Wakenya wametuibia shifti. Uongo mtupu. Wazee wa kutunza wapo tele, migongo yetu ndiyo haitoshi. Na nyie wangu, fungueni hivyo vifungo mpumue!"

Wafuasi wakanuna. Silvanus, mpinzani wake, akamgaragaza. Hata Awino alimpa kura Silvanus, na hakuficha: "Pole, lakini yeye ameahidi nyama choma."

Jumatatu Bi. Winifred aliuliza habari.

"Nimeanguka, bibi."

"Safi sana. Na sweta yangu?"

Ferdinand akajitazama kiooni, akaivuta ile mikono iliyogoma kufika.

"Hairudi, bibi. Nimeshaifanya sare."