Laini ya Ufunguo wa Bomba

Mwanangu, nakumbuka asubuhi moja hapa Bondeni, wakati wa Hali ya Hatari ya mkoloni, niliyowakimbia watu walionitakia mema. Aibu yake bado inanichoma, lakini wacha nikwambie.

Mtaa ulikuwa na bomba moja la maji, na ufunguo alishika mke wa mzee wa mtaa. Akikununia, unalala na kiu. Mtoto wangu wa kwanza alikuwa anaharisha, na mimi napewa debe moja kwa siku. Basi kina mama wa kikundi chetu cha kusaidiana wakaomba serikali ruhusa tumchague mshika ufunguo wetu. Wakapewa. Mama Zuhura, muuza mahamri, akajitolea, na tukaambiwa anayemtaka apige laini nyuma yake.

Sasa laini, mwanangu. Wiki mbili kabla, askari walikuwa wametupanga vivyo hivyo, mbele yetu mtu aliyevikwa gunia lenye matundu mawili ya macho, awaonyeshe nani ni Mau Mau. Mume wangu alipofika, gunia likatikisa kichwa kuwa ndiye, akapakiwa kwenye lori. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Nilipoona migongo imepangana nikakimbia nyumbani, nikajifungia. Wenzangu wakadhani nimeona askari. Wakatawanyika wote, na ruhusa haikutolewa tena.

Mchana Mama Zuhura akanijia. Huruma hakuniletea.

"Wanjiru, siku ile mmoja aliyefunikwa uso aliwachagua nyinyi. Leo nyinyi, nyuso wazi, mlikuwa mnamchagua mmoja. Huoni tofauti?"

"Niliogopa, mama."

"Kwani nani amekwambia mimi siogopi? Lakini ukikimbia, hukimbii peke yako."

Maji yakabaki debe moja. Mwezi ule tukamzika mtoto wangu. Waliokuja kumwosha ni wale wale niliowatawanya, na hakuna aliyenisuta. Heri wangenisuta.

Kwa hivyo, mwanangu, ukiitwa mkutano wa mtaa, enda. Wajue majirani kabla ya siku ya shida, maana kidole kimoja hakivunji chawa. Mtu haamini uchaguzi wa nchi kama hajawahi kuchagua hata mshika ufunguo. Kuogopa utaogopa, mimi mpaka leo nikipiga laini ya kura, hutazama njia ya kukimbilia nyumbani. Nasimama hivyo hivyo.

Mungu akupe majirani wa kweli, akuepushe na anayekuchagulia akiwa amejificha, na siku zamu yako ikifika, akushike miguu usikimbie.