Wimbo wa Babake Sista

Nikisikia harufu ya naftalini kwenye mitumba, namkumbuka Sista wetu wa mtaa wa Langas, mtawa Mfaransa mzee aliyevaa sweta lenye harufu hiyo hata juani. Siku moja mama alikuwa akipiga deki kanisani, Sista akipiga kinanda, kisha Sista akaacha ghafla.

"Umechoka, Sista?" mama aliuliza.

"Baba yangu alitunga nyimbo nyingi, Mama. Kwetu hakuna anayeziimba tena. Huu mmoja tu ndio ninaoukumbuka, na sasa vidole vimekataa."

Mama, mgongo ukimuuma, aliketi kando yake. "Basi niimbie polepole, nitaushika."

Tulipomzika Sista, mama aliuimba kaburini kwa Kifaransa asichokielewa.

"Huo wimbo ni wa nani?" jirani aliniuliza.

"Ni wa mama," nikajibu.